Kipulizio cha Ndalahwa

Kwa miaka mitatu Mzee Ndalahwa alitembea na kipulizio mfukoni, na sisi majirani zake wa mtaa wa Mirongo tulimcheka. Kipulizio ni kile kikombe kidogo cha shaba ambacho mpuliza tarumbeta huwekea midomo. Chake kilikuwa cha besi, tarumbeta kubwa kuliko yote, ambalo mtu hulipakata kama mtoto aliyesinzia. Alilipuliza miaka ishirini na miwili katika bendi ya kiwanda cha mafuta ya pamba. Mwaka 1995 akaja mwekezaji, wafanyakazi wakapunguzwa, bendi ikafa. Wenzake walirudi kwao, Magu na kwingineko. Yeye mkewe, Selina, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akaona hana wa kurudi naye. Akabaki kwenye chumba kimoja, anajipikia ugali wa mtu mmoja. Ugali wa mtu mmoja hauivi vizuri, anayebisha ajaribu.

Mwaka 1998 alifuatwa na mama mmoja wa kisiwani Nansio, Getruda, kiongozi wa kwaya ya kanisa lao. Besi la kiwanda lilikuwa limeangukia kwa Lukman, muuza vyuma chakavu, na kwaya ilitaka kulinunua.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa wewe ndiye unayelijua. Njoo utuangalizie kama ni zima."

"Marahaba, mama. Twende."

Kuna jambo hakumwambia. Lukman alikuwa amemwahidi mzee kwamba mnunuzi huyu akilikataa, besi atalichukua yeye kwa bei ya chakavu. Neno moja tu, bovu, lingetosha.

Walipofika kwa Lukman, mzee alilikagua taratibu, kama daktari asiyetaka kumaliza. Akabonyeza pistoni zote tatu, moja ikakwama. Akaidondoshea mafuta ya taa, ikalegea. Akachomoa kila bomba, na kila moja likatoa mlio wa kizibo, maana yake hewa haivuji. Mwishowe akawasha sigara, akajaza moshi mdomoni, akachomeka kipulizio chake na kuupuliza ndani. Moshi mwembamba ukatokea kwenye kiungo kimoja. Alikijua hicho kiungo. Kilizibwa kwa risasi iliyoyeyushwa na rafiki yake Elias, mpiga ngoma wa bendi, baada ya besi kuanguka kutoka kwenye lori siku ya Mei Mosi.

"Linavuja?" Getruda aliuliza.

"Kidogo."

"Basi utupulizie tusikie."

Akapuliza wimbo wa mazishi, ule ambao bendi ilimpigia Selina. Lakini besi halina wimbo wake. Lina nguzo tu za wimbo wa wengine. Akapiga noti mbili, akanyamaza akihesabu zamu ya tarumbeta ndogo, akapiga tena mbili. Lukman akacheka, akauliza wimbo wenyewe uko wapi. Getruda hakucheka. Kwenye kimya cha pili alianza kuimba sauti ya juu, polepole, na mzee akamfuata hadi mwisho. Miaka mitatu hakuna mtu aliyekuwa amekaa katika nafasi ile ya wenzake. Alipoondoa midomo alikuwa analia, na hakujificha.

"Ni zima," alisema. "Hicho kiungo mkakitie risasi upya. Lichukueni."

Akalisindikiza hadi bandarini, limefungwa kwa magunia. Meli ilipopiga honi Getruda alimpa mkono, akaanza kupanda ngazi. Mzee akamwita. Akatoa kipulizio mfukoni, akakifuta kwa shati, akampa.

"Bila hiki halilii."

"Nawe utabaki na nini, mzee?"



Siku hizi hatumcheki tena. Ikifika saa kumi jioni, saa ya mazoezi ya bendi, hutoa kigoda chake mlangoni na kukaa wima. Midomo yake hujikaza, kifua kinajaa, halafu pumzi inatoka. Kisha ananyamaza, akihesabu zamu za wenzake.