Kigugumizi cha Kuazima

Mume wangu amekufa kwenye televisheni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Amepigwa risasi na majambazi, ameanguka ngazini, amezimika mezani kwa chai yenye sumu. Ndiyo maana mtaani wanamwita Marehemu, naye huitika. Jina lake hupita mwishoni kabisa, baada ya nyota na mama wa nyota, watu wakiwa wameshasimama kutafuta viatu. Vifo hivyo ndivyo vilivyotulisha, na sikuwahi kumsikia akilalamika.

Mbinu yake ni kudokoa. Mwigizaji mdogo hana muda wa kumjua mhusika. Anapewa koti lenye jasho la mwenzake na sentensi mbili, kisha kamera inawashwa. Basi yeye huokota kwa watu: kikohozi cha mwenye duka, mwendo wa mkunga. Hata mimi nimewahi kujikuta kwenye tamthilia, nikifokea kuku kwa mdomo wake. Nilinuna kutwa, kisha nikacheka.

Halafu akapewa nafasi ya mlinzi wa getini. Mwongozaji akamwambia, "Mzee, huyu mlinzi amepoa mno. Mchangamshe kidogo." Hapo hapo, bila kufikiri, mume wangu akamtoa kaka yake.

Kaka yake ni fundi cherehani, mtu mpole, mwenye kigugumizi tangu utotoni. Neno likikwama hugonga paja kwa kiganja, taratibu, mpaka litoke. Mlinzi naye akagonga paja. Wapiga picha walicheka mpaka wakashika mbavu, na mhusika aliyeandikiwa siku moja akabaki mwaka mzima. Kwa mara ya kwanza mume wangu hakufa. Tukanunua friji.

Kumbe sisi tunachekelea, mwenzetu anaumia. Wateja walimwagiza suruali huku wakigonga mapaja, na watoto wa shule wakipita walimfanyia hivyo dirishani. Shemeji akahamishia cherehani chumba cha nyuma, mkewe akawa ndiye wa kupokea wateja. Hakuja kutugombeza hata siku moja. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo ulimtafuna mume wangu hata usingizi ukamwisha. Alikwenda kuomba mlinzi auawe. Wakamkatalia, wakasema anapendwa mno.

Ndipo binti wa shemeji akapata mchumba, na baba akasema hatazungumza harusini. Binti alikuja kwetu macho yamemvimba. "Baba mdogo, mimi nataka baba aniage kwa mdomo wake. Mwombe wewe."

Tulikwenda wote wawili. Mume wangu alibaki amesimama karibu na mlango kama mteja mwenye deni.

"Kaka, nisamehe. Simama umuage mwanao."

Shemeji alikata uzi kwa meno kwanza. "Ka-kaongee wewe," alisema. "Sauti yangu si u-unayo?"

Jioni ile mume wangu hakugusa chakula. Alistahili, nami nilimwambia hivyo, halafu nikamhurumia.

Siku ya harusi mshereheshaji alimwita baba wa bibi harusi, na shemeji hakuondoka kitini. Mume wangu akainuka badala yake, amedhamiria kumsafisha kaka yake mbele ya watu. Kabla hajafungua mdomo, meza za nyuma zikaanza kugonga mapaja.

"Jamani, msicheke," alisema. "Yule mlinzi ni kaka yangu, huyu hapa. Mimi nilimwiba. Nimemkosea." Akamnyooshea mkono, machozi yakimtiririka.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. "Huyu mzee anajua kulia!" mtu alipaza sauti. Simu zikainuliwa, nyingine zikimpiga picha yeye, nyingine zikimgeukia shemeji. Bibi harusi alijifunika uso kwa viganja.

Mimi niliyeolewa naye nakijua kilio chake cha kazi, na hiki hakikuwa hicho. Nikamwinamia shemeji sikioni.

"Shemeji, analia kweli."

"Najua," alisema. Alitaka kuongeza neno, likakwama. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, watu wanaiona, kwa hiyo hakuthubutu kugonga paja. Tukasubiri, huku mume wangu akizidi kuomba msamaha kwenye kipaza sauti.

"Mwambie a-akae," alisema hatimaye. "Ananiaibisha tena."