Nauli ya Maji Makali

Nilipokuwa mwenyekiti wa kamati ya kivuko kule Kilambo, mpakani na Msumbiji, niliamini kwamba nauli ni jambo la kupangwa mezani. Wenye mitumbwi walikuwa na desturi yao: mto ukitulia, nauli ndogo, maji yakiwa makali na viboko wakiwa karibu, nauli mara mbili, hata tatu. Mimi, niliyemaliza kidato cha nne, niliuita huo wizi. Nikaitisha mkutano, tukapitisha nauli moja ya siku zote, na atakayezidisha anyang'anywe kafi lake la kupigia mtumbwi. Watu walinipigia makofi. Sikatai, makofi yale niliyapenda.

Wa kwanza kunyang'anywa alikuwa mzee mmoja ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo, Msumbiji. Hakuna aliyeujua mto kama yeye. Alinikabidhi kafi bila ubishi, akasema, "Mwenyekiti, mto haukuhudhuria mkutano wako." Waliokuwepo walicheka. Nililiegemeza kafi lile ukutani ofisini, na mengine yakafuata.

Masika yalipokuja, siku za maji makali mitumbwi ilibaki imefungwa. Hakuna aliyegoma, kila mtu alikuwa na mihogo ya kupalilia. Abiria walikaa ukingoni na mizigo yao, na ile nauli yangu nafuu imebandikwa mbele yao kwenye mkorosho.

Asubuhi moja mpwa wangu alipiga simu kutoka ng'ambo, alikoolewa dada yangu. "Mjomba, mama anakuulizia. Njoo leo."

Nilichukua kafi lake pale ofisini, nikampelekea yule mzee. Aliutazama mto kwa muda, kisha akataja nauli ya maji makali. Nilikuwa nayo mfukoni. Lakini abiria wote walikuwa wakinitazama, nami ndiye niliyewaambia kwamba bei hiyo ni wizi. Nikamwamuru anivushe kwa nauli ya kamati. Akatikisa kichwa taratibu, akarudi shambani kwake.

Mto ulitulia siku ya pili, akanivusha. Nilikuta kaburi la dada yangu bado bichi. Mpwa wangu hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Alinitandikia mkeka tu.

Siku hizi naishi Magomeni kwa binti yangu. Vijana wa mtaani wanaotaka serikali ipange kila bei hunitania kwamba mzee huyu angeuza hata hewa. Nawajibu kwamba serikali imkamate mwizi na ilinde mipaka. Watu wawili waliokubaliana ukingoni mwa mto hawahitaji mwenyekiti. Habari za dada yangu siwaambii.

Siku ile ya kurudi kutoka msibani, nilimpa yule mzee nauli ya maji makali, ile niliyomnyima. Alichukua kiasi kidogo, nyingine akanirudishia kiganjani.

"Leo mto umelala, bwana," akasema. "Hii ya siku ile sina kazi nayo."