Mama Mkwe na Mpishi wa Redioni

Juzi, katika duka moja hapa Singida Mjini, nilimkuta karani wa bomani akinunua betri za redio, ameupa mlango mgongo. Mlangoni alisimama mama mkwe wake, kanga usoni, maana huku kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Mkewe alikuwa katikati, akipeleka maneno.

Karani ndiye aliyemsifia mama huyo mchezo wa upelelezi wa redioni. Kila Jumamosi mama husikilizia ndani, yeye nje, chini ya dirisha. Jumamosi hii muuaji atatajwa, na betri zimekwisha.

"Mwambie mumeo, aliyeua ni mpishi."

"Mwambie mama, mpishi alikuwa sokoni."

"Muulize, nani alimwona huko?"

Mke akachoka. "Mimi hata huo mchezo siusikii, nakuwa jikoni!"

Karani akawaza, kidole kikigonga kaunta. Ghafla akageuka, akamtazama mama usoni. "Kweli, mama! Hakuna aliyemwona!"

 Mama akaivuta kanga taratibu.

"Mwambie mumeo sikuona kitu. Na betri achukue za kutosha."

Wasomaji, mchezo huo nami nawasifia. Ila msiusikilize peke yenu. Tafuteni mama mkwe, na ukuta.