Elfu Sita na Maji

Nzilani alipohamia ploti yetu hapa Athi River, alikuja na godoro, gunia la muthokoi, mahindi ya kukobolewa, kutoka kwao Muthetheni, na daftari. Godoro na gunia alituachia tumbebee. Daftari alilishika mwenyewe kifuani, kama mtu anayepeleka hati ya shamba kwa wakili.

Alikuwa amepata kazi ya kupakia unga kiwandani, mshahara elfu kumi na sita, na mshahara huo alikuwa ameugawa wote mle daftarini hadi shilingi ya mwisho. Nyumba, stima, gesi, takataka, chakula, pesa ya mama yake. Mstari wa mwisho ulisema "Mutanu, 2,500". Huyo ni bintiye wa miaka kumi, aliyebaki kwa nyanyake hadi shule zifunguliwe, na hizo zilikuwa za nauli na sare.

"Bila hiyo mtoto hawezi kuja," aliniambia, na hakuwa anafanya mzaha.

Maji hayakuwa na mstari. Siku ya kwanza alimuuliza Kiema, msimamizi wa ploti, kodi ni ngapi, naye Kiema akamjibu, "Elfu sita na maji." Alimaanisha ulipe elfu sita, halafu ulipe maji. Nzilani akasikia kwamba maji yamo ndani ya elfu sita. Akaandika 6,000, akapiga mstari.

Sasa mtu aliyekulia mahali maji yanafuatwa mtoni kwa punda, mwambie ni ya bure uone. Aliosha nyumba asubuhi na jioni. Aliosha muthokoi mara nne. Kisha akaanza kutuita majirani: "Kujeni mchote kwa mfereji yangu, hii imelipiwa!"

Tukachota. Winfred wa saluni akawa anaoshea wateja nywele hapo. Kiema mwenyewe akaleta pikipiki yake. Mimi Nzomo nina sukuma wiki kwenye magunia kumi na mawili, na haijawahi kunona vile. Nilijua maji hulipiwa, ndiyo. Nilidhani ana mpango wake na mwenye nyumba, na mipango ya watu wazima mimi siingilii.

Mwisho wa mwezi, Jumamosi mchana, Kiema akagonga mlango wake na karatasi: maji, 2,400.

"Si ulisema elfu sita na maji?" Nzilani akauliza.

"Ndiyo. Elfu sita. Na maji."

"Nikienda hoteli niambiwe ugali na mboga ni hamsini, mboga nalipia kando?"

"Sasa Mama Mutanu, ukiambiwa kitu ni mia na hamsini, hiyo hamsini unaachiwa bure?"

Ploti nzima ilitoka nje, na kila mtu akawa mwalimu wa Kiswahili. Winfred aliunga mkono mboga. Mimi niliona hoja ya mia na hamsini ina nguvu, nikasema hivyo kwa sauti, na mpaka leo najuta. Kiema akampigia mwenye nyumba, tukasikiliza sote. Mwenye nyumba aliuliza jambo moja tu, "Mita inasema aje?" akakata simu.

Nzilani hakubishana tena. Aliketi mlangoni, akafungua daftari, akautazama ule mstari wa mwisho. Kisha akaukata kwa kalamu.

"Atakaa na nyanyake hadi muhula wa pili," akasema, na hakuwa anasema na sisi.

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Nikaingia ndani, nikatoka na mia saba.

"Sukuma yangu ndiyo ilikunywa," nikamwambia.

Winfred alinitazama vibaya, kisha akaleta mia tisa huku akinung'unika kuhusu wateja wenye nywele ndefu. Tukamgeukia Kiema. Akakohoa, akasema yeye ni mfanyakazi tu. Tuliitazama tu pikipiki yake ilivyong'aa. Akatoa mia tano. Mia tatu zilizobaki Nzilani alizitoa mwenyewe kwenye chakula.

Mutanu alifika Jumapili iliyofuata, mwembamba, begi kubwa kumshinda. Mamake alimkumbatia palepale mlangoni na hakumwachilia. Mimi, Winfred na Kiema ghafla tulikuwa na nguo za kuanua, sote watatu, kwenye kamba iliyokuwa na soksi moja.