Saa ya Baba Mkubwa na Wakwe wa Makobola

Baba mkubwa, kaka yake baba yangu, alikuwa na saa ya mbao ndefu kuliko yeye, chuma chake kikiyumba tumboni mchana kutwa. Aliirithi kwa baba yake, karani wa Wazungu wa pamba, na kwa ajili hiyo alijiona Mzungu wa mwisho hapa kwetu Rugenge. Ilikuwa saa ya ovyo. Ardhi yetu ya kando ya ziwa hutetemeka kidogo kila mara. Ikitetemeka, saa inasimama, naye anairudisha kwa kukisia. Simu zetu zote zikisema saa sita, yeye anasema saa saba, na wajinga ni sisi.

"Simu ni kitu ya watoto," alisema. "Miye niko na saa."

Tungecheka tu, lakini binti yake akaposwa na kijana wa Makobola. Walipendana, na dada yangu yule hakutaka kingine duniani. Kwetu wageni wa mahari wakichelewa hutozwa faini, mara nyingi kwa utani: kreti ya bia, kicheko, mazungumzo yanaendelea. Baba mkubwa utani hakuujua. Wakwe, walioitwa saa nane, walifika mapema, akawaonyesha saa yake iliyokwisha kupita nane, akawatoza mbuzi. Walirudi siku nyingine mapema zaidi. Akawatoza mbuzi tena, kisha akaahirisha mazungumzo. Nilimdharau hadi nikashindwa kula naye.

Mara ya tatu walifika asubuhi kabisa.

"Saa munane haiyafika," akawaambia mlangoni, akafunga.

Akawaacha juani. Mama wa kijana, miguu imevimba, aliketi juu ya jiwe. Nilipompelekea maji aliniuliza, bila hasira, "Tulikuja kuoa mutoto ao saa?" Akasimama, wenzake wakasimama.

Dada alitokea mlango wa jikoni, kitenge kipya mwilini, akamshika mkono mama wa kijana.

"Mama, tuende."

Mama yake mzazi alimwona. Akaacha sufuria, akawafungulia lango.

Sebuleni baba mkubwa alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti. Saa ikagonga. Akafungua mlango kwa madaha, akakuta uwanja mtupu. Akacheka, akamwita binti yake aje ajionee watu aliotaka kuolewa kwao. Akamwita tena.