Mtaro Uliolipia Hoteli

Nyumba ya dada yangu ilikuwa Mbugangari, mtaa wetu wa mpakani, pale bondeni ambapo maji yote ya juu hupita yakitafuta ziwa. Aliianza tuliporudi kutoka Congo, yeye mjane mwenye beseni la sambaza, wale dagaa wa ziwani, kichwani, na ilimchukua miaka. Mwaka mmoja alinunua mawe meusi ya msingi, mwingine matofali, mwingine mabati. Vyumba viwili vya nyuma alivipangisha. Magoti yalipomkatalia kushuka ziwani alfajiri kununua samaki, vyumba hivyo ndivyo vilivyomlisha. Hakuwa na pensheni, wala mtoto wa kumtumia kitu. Alikuwa na nyumba tu.

Mvua ikinyesha, maji yalipita ubavuni mwa nyumba hiyo katika mfereji wa zamani, mwembamba, uliojaa majani. Kila msimu tulisema mwaka huu hautaisha salama, na kila msimu uliisha. Kwa hiyo siku afisa wa mipango alipokuja kwenye mkutano na kutuambia kwamba bajeti mpya imetenga fedha za kujenga mtaro wa mawe, nilimshika dada mkono nikambinya hadi akalalamika.

Afisa yule alikuwa kijana mwenye heshima zake, aliyekulia Tanzania. Alitueleza kwamba fedha zilizopo zinatosha mawe, saruji na mafundi, lakini kazi ya kuchimba hazitoshi. Tukichimba wenyewe kwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, serikali italeta kilichobaki. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema, na sisi tukapiga makofi.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu wanaopenda kusifiwa. Hatukungoja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kiangazi kizima tulitoka hata jioni za katikati ya wiki, wauza mkaa, waendesha pikipiki, sisi wauza vitenge wa mpakani, kila mtu na jembe lake. Tuling'oa majani yote. Tulipanua mfereji ukawa handaki la kumfikia mtu kifuani, na upande wa nyumba ya dada tulikata udongo karibu kabisa na ukuta, kwa sababu fundi alisema mawe yatahitaji nafasi. Wageni kutoka mitaa mingine waliletwa kututazama. Dada yangu, ambaye umri wake ulimruhusu kubaki nyumbani, alikuja kila mara na jembe lake. Nilimwambia apumzike.

"Mudogo yangu," alinijibu kwa Kiswahili chetu cha Congo, "banachimba juu ya kulinda nyumba yangu, na mi nikae nabaangalia tu?"

Mvua za vuli zilikuwa haba, tukamshukuru Mungu. Mawe, tuliambiwa, yangekuja baada ya mwaka mpya.

Baada ya mwaka mpya bajeti ilifanyiwa marekebisho. Afisa alirudi kwenye mkutano wetu, safari hii bila methali. Alisema kwamba matumizi ya taifa yamebanwa na kwamba baadhi ya miradi itasubiri mwaka wa fedha ujao, ukiwemo mtaro wetu. Kisha akaomba maswali, kama mtu anayeomba yasiwepo.

Mikutano yetu huendeshwa kwa Kinyarwanda, lakini sisi tuliolelewa ng'ambo ya mpaka tukikasirika tunakimbilia Kiswahili. Nilisimama.

"Bon," nilisema. "Zile makuta, zile feza za mawe, zilikuwako. We mwenyewe ulituambia ziko. Sasa nani njo amezikula?"

Hakukasirika. Hilo lazima niliseme. "Mama, hakuna aliyezila," alinijibu. "Kuna kampuni ilikopa benki ijenge hoteli kubwa pale ufukweni. Serikali iliiwekea dhamana, ili wageni waje na vijana wapate kazi. Kampuni imeshindwa kulipa. Sasa benki inaidai serikali."

"Ni hiyo hoteli iko inafungwa mulango?"

"Ndiyo hiyo."

Nilimuuliza kwa nini basi wasichukue fedha hizo kwingine. Akahesabu kwa vidole, kwa upole, na kila kidole kilinichoma. Mishahara ya walimu haiguswi. Dawa za hospitali haziguswi. Madeni ya nje hayaguswi, na faranga ikishuka nayo yanapanda. Kazi zenye mkandarasi haziguswi pia, kwa sababu ukivunja mkataba utashtakiwa na kulipa fidia. Kinachobaki ni kazi ambazo hazina mkataba na mtu.

"Kama mutaro yetu," nilisema.

"Kama mtaro wenu. Mlichimba wenyewe, mama. Hakuna mkataba."

Niliketi. Kule Mahoko, eneo jingine lililoahidiwa mtaro, ambako watu walikaa wakingoja mkandarasi, kazi yao iliendelea. Sisi tuliojituma, tulioisaidia serikali ipunguze gharama, tulikuwa rahisi kukatwa kuliko wote. Ningetaka mtu mwenye elimu anieleze hekima iliyomo humo. Nimeitafuta mpaka leo.

Na jambo la dhamana ndilo lililonikosesha usingizi. Mimi niko kwenye kikundi cha kuweka na kukopeshana, kama wanawake wengi wa sokoni. Kwetu, ukitaka kumdhamini mwenzako, unasimama mbele ya wote na kulitamka. Kuanzia dakika hiyo fungu lako linafungwa. Huwezi kukopa juu yake, huwezi kuliahidi kwa harusi ya mwanao, huligusi mpaka yule uliyemdhamini amalize. Tunafanya hivyo kwa sababu tunajuana. Mtu akidhamini bila kufunga kitu, huyo ametoa maneno tu, na siku ya kulipa atamgeukia aliye dhaifu nyumbani mwake. Serikali ilitoa dhamana yake katika chumba ambacho mimi sikualikwa, haikufunga chochote, na fedha zile zile ikaja kutuahidi sisi huku tumeshika majembe. Dawa ya deni ni kulipa, najua. Lakini mbona deni la hoteli lilipata dawa siku ile ile, na ahadi tuliyopewa sisi, ambayo nayo ni deni, ikaambiwa isubiri?

Dada hakutaka kelele. "Wachana nabo," alisema. "Mvua itatuhurumia."

Haikutuhurumia. Masika yalikuja mazito, na maji yaliyokuwa yakizuiwa na majani ya mfereji wa zamani yalipata njia pana, laini, tuliyoyatengenezea sisi wenyewe. Yalikula udongo wa ukingo kila siku. Asubuhi moja kona ya vyumba vya nyuma ilikaa chini polepole, ukuta ukafuata. Wapangaji walikuwa wameshatoka na magodoro yao, hakuna aliyeumia. Nilimkuta dada amesimama kwenye matope, ameshika ufunguo wa chumba ambacho hakikuwa na mlango tena.

Afisa alikuja na vijana waliobeba makopo ya rangi nyekundu. Walichora alama kubwa kwenye ukuta wa mbele, ule uliosalia, na wakasema mahali hapa ni hatarishi, mwenye nyumba abomoe mwenyewe na ahame. Niliuliza kuhusu fidia. Nikaambiwa fidia hutolewa kwa anayehamishwa kupisha mradi, na hapa, kwa bahati mbaya, hakuna mradi kwa sasa. Hoteli iliposhindwa, ilisemekana ni mali muhimu isiyofaa kuachwa ianguke. Nyumba ya dada yangu iliposhindwa, iliitwa hatari. Nilitukana siku ile, matusi ya kule Congo ambayo sikudhani bado ninayo, na sijayaombea msamaha.

Dada alivua mabati yake mwenyewe, moja moja, na kuyauza. Akahamia kwangu, kwenye chumba cha wanangu. Tangu hapo anakula kidogo, kama mgeni, na nikimwongezea chakula anasema ameshiba. Mtu aliyewalaza wengine chini ya paa lake sasa ananiomba ruhusa ya kuchemsha maji ya kuoga. Hilo ndilo linaloniumiza, kuliko ukuta.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilipofika, alitangulia kuamka, akachukua jembe. Nilimkumbusha kwamba umri wake umemsamehe na kwamba kule mtaroni hana nyumba tena.

"Mutaro ingali wazi," alisema. "Kuko nyumba za bantu bengine pale chini."

Basi nikaenda naye. Lakini hatukupelekwa mtaroni. Mwenyekiti wa mtaa alituongoza hadi ufukweni, kwenye lango la ile hoteli, ambayo sasa ilikuwa mikononi mwa serikali. Majani yalikuwa yamepanda mpaka madirishani. Alisema wanunuzi wanatarajiwa kuja kuitazama, kwa hiyo tupasafishe papendeze.

Watu walitazamana, kisha wakainama. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa barabara, jembe magotini, nikakataa. Mwenyekiti aliniambia kwamba nitahesabiwa kuwa sikufika na nitatozwa faini. Nikamwambia ahesabu anavyotaka.

Dada yangu alipiga magoti yale yake mabovu kwenye majani, akafyeka sehemu aliyopangiwa mpaka ukutani, kisha akarudi akafyeka na yangu.