Makopa ya Matoleo

Mume wangu alikuwa katekista. Alisimamia kigango kidogo upande wa Ziwani, nje ya mji wa Mtwara, ambako majirani zetu karibu wote walikuwa Waislamu, na sisi Wakristo tulienea kwenye mabenchi machache. Watu wa dini zote mbili walimwita Mwalimu, na mimi nilimwita hivyohivyo hata nyumbani. Padri alikuja na pikipiki mara moja kwa mwezi, njia ikipitika. Jumapili nyingine zote Mwalimu ndiye aliyeongoza sala, akafundisha watoto, akazika wafu.

Mshahara wake ulikuwa wa jina tu. Ila ulikuwepo utaratibu wa tangu zamani: fedha za zaka na sadaka zinakwenda parokiani mjini, vyakula vinabaki nyumbani kwa katekista. Nani angebeba muhogo juu ya pikipiki? Miaka ya neema hakuna aliyelifikiria jambo hilo. Wakati wa mavuno zililetwa choroko, mbaazi na mtama, na kuku waliofungwa miguu walipiga kelele katikati ya sala, na mimi nilivipokea vyote kana kwamba nimevilima. Kina mama waliniita mama wa kanisa. Nilipenda kuitwa hivyo.

Kisha ukaja mwaka wa kuhamia vijiji vipya. Tulitoka kwenye mashamba yetu tukapangwa kwa mistari kando ya barabara, na muhogo tulioacha nyuma ukaliwa na nguruwe pori. Mvua nayo ikakataa. Duka la kijiji lilibaki na chumvi na viberiti. Ulipoletwa ule unga wa mahindi ya manjano, uliokuwa ukiitwa yanga, watu walipanga foleni tangu alfajiri na wengi walirudi na vyombo vitupu. Tulibaki na makopa ya zamani, yaani muhogo mkavu, na ming'oko, mizizi ya porini ambayo wanawake waliichimba hadi kucha zikang'oka.

Katikati ya hali hiyo padri alituma agizo: kanisa jipya linahitaji bati, kila muumini akumbuke zaka, na asiye na fedha alete alichonacho, Mungu haangalii wingi. Mwalimu alilisoma kama lilivyo. Kisha akahubiri, naye alikuwa na kipaji cha kuhubiri. Watu wakatoa. Mmoja aliweka yai. Mwingine ming'oko michache iliyofungwa kwa kamba ya mgomba. Kina mama walifungua pindo za kanga wakamimina makopa ya kujaa kiganja.

Mimi niliketi mbele, mahali pa mke wa Mwalimu, na kapu la matoleo lilikuwa karibu na magoti yangu. Niseme ukweli: macho yangu yalianza kupika kabla sala haijaisha. Midomo inasema "Utusamehe makosa yetu", moyo unapima kama kilichomo kitafika Jumatano. Nikikitazama kile kilichotolewa, naona aibu. Nikiwatazama watoto wangu, nashukuru. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu pamoja na hayakupatana.

Watoto wangu hawakuwa wanene, lakini mbavu zao hazikuhesabika kama za wenzao. Watu wana macho. Kisimani mazungumzo yalianza kukatika nilipofika. Siku moja mama mmoja akanisaidia kujitwika ndoo, akasema kwa upole kabisa, "Wenzetu mna bahati, Mungu anawaletea hadi mezani." Hakuwa ananitukana. Ndiyo maana neno lile liliniuma njia nzima.

Katika kigango chetu alikuwamo mama kijana mwenye mtoto mdogo wa kunyonya na mwingine wa kutembea. Mumewe alikwenda Tanga kukata mkonge, na tangu aondoke hakuwa ameleta hata salamu. Jumapili moja mama huyo alitoa makopa yaliyofungwa katika kipande cha kaniki. Yalikuwa yameota ukungu, meusi. Nyumbani niliyaosha, nikayaanika, nikayatwanga.

Jumanne mchana tulikuwa tumeketi jamvini, tunakula. Nikasikia hodi. Alikuwa yeye, mtoto mgongoni.

"Karibu, mwanangu, karibu tule," nikasema.

"Ahsante, mama. Sikuja kula. Nimekuja kwa Mwalimu."

Mwalimu akamwambia aseme tu. Akasimama pale mlangoni, anasokota pindo la kanga yake.

"Mwalimu, naomba ile sadaka niliyotoa Jumapili. Kama si yote, hata kidogo. Nilidhani ningepata unga wa foleni, sikupata. Mkubwa wake huyu tangu jana hajala kitu, na leo hataki kuinuka."

Mwalimu alikuwa ameshika tonge. Alilishika hivyohivyo, halikwenda kinywani wala halikurudi chini. Ugali mbele yetu ulikuwa na weusi ule wa makopa yaliyolala na unyevu. Mama yule aliutazama, nami nikamwona anautambua. Mwanamke hasahau muhogo aliouanika kwa mikono yake. Akainamisha macho upesi, kama aliyefungua mlango akamkuta mkwewe anaoga.

"Mama," Mwalimu akaanza, "kitu kikishatolewa kwa Mungu..." Hakuendelea. Hata yeye hakujua sentensi ile inaishia wapi.

Nikainuka, nikachukua bakuli zima mbele ya watoto wangu, nikamnyooshea. Akarudi nyuma.

"La, mama. Siwezi kuwanyang'anya watoto wako. Mimi nimekuja kuomba changu."

"Ndicho hiki," nikasema. "Hiki ndicho chako."

Alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama ilivyo heshima, akalifunika bakuli kwa kanga akaenda. Kunipigia goti! Kama angenitemea mate ningejua la kufanya. Watoto wangu walilia, na yule wa kwanza akaniuliza kwa nini nimempa mtu chakula chetu.

Walipotoka kwenda kucheza nikamwambia mume wangu, "Jumapili waambie wasilete chakula."

"Padri ameagiza."

"Padri hali makopa, Mwalimu. Tunayala sisi."

"Nanyi mtakula nini?"

"Wanachokula wenzetu."

Kesho yake alichukua jembe akaenda kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye mikorosho mingi, akaomba kibarua cha kupalilia, alipwe kwa muhogo. Mzee yule alishtuka. Alimwambia, "Mwalimu, nikikuona unapalilia shambani kwangu, nitaswali vipi?" Alitaka kumpa muhogo bure. Mwalimu akakataa, akasema vya bure ndivyo vilivyomfikisha hapo. Basi akapalilia. Nilidhani nitajisikia nafuu, lakini siku nilipopita na wenzangu tukitoka kuchimba ming'oko, nikamwona amevua shati, mtu aliyewabatizia watoto wao mahututi, ameinama juani baina ya vibarua vijana, nilijifanya nimechomwa na mwiba, nikainama hadi wenzangu walipompita. Niliona haya kula sadaka, na nikaona haya mume wangu kuiacha. Sijui nilitaka nini.

Jumapili Mwalimu akatangaza kwamba vyakula visitolewe tena mpaka mvua inyeshe, na aliyeleta arudi nacho nyumbani. Akasimama bibi mmoja mkongwe, mjane, aliyetembelea fimbo.

"Mwalimu, unatufukuza kwa Mungu kwa sababu tuna njaa?"

"Sikufukuzi, bibi. Nataka mle."

"Kula nitakula. Lakini mimi sina shilingi wala bati. Nina ming'oko. Leo umenikataza hiyo, kesho nije hapa na nini? Nije mikono mitupu kama mtoto?"

Akajikongoja hadi mbele, akaweka ming'oko yake kapuni, akarudi kuketi. Wengine wakamfuata, mmoja baada ya mwingine. Mwalimu alisimama pale na kitabu chake, machozi yanamtoka, hakuyafuta. Nami nilitamani ardhi ipasuke. Tulidhani tunawahurumia, kumbe tulikuwa tumewadharau mbele ya watoto wao.

Tangu siku hiyo kapu liliendelea kupokelewa, ila baada ya sala Mwalimu alilibeba mwenyewe na kupita nyumba zisizo na moto jikoni, za Wakristo na za Waislamu. Nyumbani tulikula muhogo wa kibarua, na mbavu za watoto wangu zikaanza kuonekana. Padri alipokuja, akasimuliwa. Akasema, "Ungeniuliza kwanza." Mwalimu akajibu, "Ndiyo, baba." Hawakulizungumza tena.

Yule mama kijana hakurudi kanisani. Mtoto wake mkubwa alipona, nilimwona akicheza njiani. Bakuli nililikuta asubuhi moja kizingitini, limeoshwa likang'aa. Alilileta bila kupiga hodi. Tulipokutana kisimani, yeye alitazama ndoo yake na mimi yangu.

Mvua zilipokuja mumewe alimtumia nauli. Siku ya safari alipita kutuaga, mzigo kichwani, watoto wawili wamevaa nguo safi. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi kwa maneno ya kumwambia. Nilitaka kumwomba radhi kwa ugali ule, na kwa Jumapili zote nilizoketi mbele nikipika kwa macho. Akanitangulia.

"Mama," akasema, "nisamehe. Siku ile niliwakatisha kula."

Mwanamke yule aliondoka akidhani deni ni lake.

"Safari njema, mwanangu," ndilo pekee nililoweza kusema, nikashika kichwa cha mtoto wake mkubwa, kilichokuwa na joto la jua, nikakiachia.